Vijana Kumi na Watatu na Kilima cha Taizé

Jumamosi usiku

Basi la kwenda Taizé, kijiji cha Ufaransa ambako jumuiya ya watawa hupokea vijana wanaokuja kusali, linaondoka saa kumi alfajiri. Sasa ni saa nne usiku na bado nimekaa kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, karatasi zimenizunguka. Vijana tunaosafiri nao ni kumi na watatu, wa miaka 15 hadi 17. Kila mmoja ana barua ya idhini yenye sahihi ya mzazi, kadi ya bima ya afya, kitambulisho, na fomu ya kurasa mbili inayouliza kila kitu ambacho mtu anaweza kuuliza kuhusu mtoto wa mwenzake. Anajua kuogelea? Ana mzio wa chakula gani? Anaruhusiwa kutembea bila kiongozi wakiwa watatu watatu? Halafu swali ambalo nilipolikuta mara ya kwanza nililisoma mara mbili: je, kiongozi anaruhusiwa kumtoa mtoto kupe?

Nilikua nikimjua kupe wa ng'ombe, na yule wa kwenye hotuba anayenyonya jasho la wenzake. Hapa Ujerumani kupe anakaa kwenye majani marefu akisubiri mguu upite, na anaweza kukuachia ugonjwa wa Lyme au homa ya ubongo. Ndiyo maana amepewa kisanduku chake kwenye fomu. Mzazi asipoweka alama ya ndiyo, mimi simgusi mtoto hata nikimwona mdudu kwa macho yangu, natafuta daktari. Kidonge cha kichwa nacho hakitolewi kiholela.

Mwanzoni haya yote yalinichekesha. Huduma ya vijana niliyoizoea ilihitaji gitaa, Biblia na mtu mwenye sauti. Huku, kabla ya kuachiwa vijana, nilitakiwa kuleta hati ya kuonyesha kwamba sina kosa lolote dhidi ya watoto, kisha nikakalishwa darasani kujifunza wajibu wa uangalizi, huduma ya kwanza, na namna ya kumsikiliza kijana anayetaka kusema jambo zito bila kumkatiza kwa sala. Sasa sicheki tena. Nikiwakumbuka baadhi ya watu tuliowahi kuwakabidhi watoto kwa sababu tu walikuwa wanaomba vizuri, naona fomu hizi zilichelewa kunifikia.

Nina miezi kumi hapa, najitolea mwaka mmoja katika usharika wa Kilutheri wa mji mdogo jimboni Hesse. Kiongozi mwenzangu safarini ni shemasi wa usharika, mtu wa makamo ambaye hakumbuki amekwenda Taizé mara ngapi. Mimi ni mara ya kwanza.

Jumapili

Nawahesabu kwa Kiswahili. Kijerumani kina tabia ya kutanguliza mamoja: kumi na tatu kwao ni tatu-kumi, ishirini na moja ni moja-na-ishirini, na mtu ukiwa na usingizi wa saa kumi alfajiri unaweza kupoteza mtoto katikati ya hesabu. Basi niliposimama mlangoni nikasema moja, mbili, tatu kwa lugha yangu. Wakauliza ni nini hicho. Tulipofika kituo cha mafuta karibu na Freiburg kila mmoja alishakuwa na namba yake na alikuwa anaipiga kelele mwenyewe. Imekuwa nafuu pia kwangu mimi ninayeandika, maana majina yao siwezi kuyaweka hapa. Nitawaita kwa namba.

Namba tisa ni mvulana mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Siku ya kujiandikisha alimwambia shemasi waziwazi: mimi siamini Mungu, nakuja kwa sababu rafiki zangu wote wanakwenda. Shemasi akaandika jina lake, akamuuliza kama ana mzio wowote.

Tulivuka mpaka, tukaipita Mulhouse na Besançon, tukashika njia ya Beaune hadi Chalon-sur-Saône. Kisha barabara ikawa nyembamba, mashamba ya mizabibu yakapungua, wakaonekana ng'ombe weupe wamelala vilimani. Taizé ni kijiji kidogo sana juu ya kilima cha Burgundy. Ungeweza kukipita ukidhani ni shamba la mtu, ila kuna mnara wa kengele kando ya barabara na maelfu ya vijana wanaotembea na mabakuli ya plastiki.

Mapokezini niliulizwa jina la kiongozi wa pili. Kabla sijafungua mdomo, namba tano akajibu: "Dada." Hilo ni kosa langu. Walipoanza kuniita kwa jina tupu kama mtoto mwenzao, nikawafundisha kwamba kwetu mtu kama mimi huitwa dada. Wao wakachukua kwamba ndilo jina. Sasa nimo kwenye orodha ya Taizé kama Dada, na mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa heshima zote kama wazazi wangu walipenda Dada, ule mtindo wa sanaa ulioanzia Zurich mwaka 1916.

Jioni tukaingia kanisani kwa mara ya kwanza. Ukumbi ni mpana, taa chache, watu wamekaa sakafuni. Mbele kuna vitambaa virefu vya rangi ya chungwa, na chini yake matofali yenye matundu yamepangwa na mishumaa inawaka ndani. Mabruda, ndio watawa wenyewe, wanakaa katikati kwa mistari, kanzu nyeupe. Hakuna mwongoza ibada anayekusalimu wala anayekuambia simama, keti. Wimbo unaanza wenyewe, mstari mmoja au miwili, unarudiwa hadi unasahau kwamba uliukuta mgeni. Kisha, baada ya somo fupi, kimya.

Nilijua kutakuwa na kimya. Sikujua kuwa ni kimya cha kweli. Mimi ni mtu wa mikesha, nimekesha hadi alfajiri nikipiga kelele mbele za Bwana bila kuchoka. Lakini dakika ya tatu ya kukaa kimya na watu maelfu nilianza kukumbuka kama nilizima jiko. Tulipotoka namba tisa alinionyesha saa yake. "Dakika nane," akasema, kama mtu aliyekaa chini ya maji.

Jumatatu

Sala ni mara tatu kwa siku: asubuhi saa mbili na robo, mchana saa sita na dakika ishirini, jioni saa mbili na nusu. Niliwaeleza vijana kwamba kwa saa yetu sala ya asubuhi na ya jioni zote ziko saa mbili. Wakaniomba nirudie. Nikaeleza habari ya jua kuchomoza na saa kuanza moja, na namba kumi na mbili akasema hiyo ndiyo saa yenye akili. Nilikubali pongezi kwa niaba ya Waswahili wote.

Kifungua kinywa ni mkate, siagi, kipande cha chokoleti, na chai ndani ya bakuli. Kifaa ni kijiko kimoja. Kisu hakuna, uma hakuna, na hali ndiyo hiyo wiki nzima. Niliwaona vijana wangu wakitazama siagi kwa huzuni. Wengine walijaribu kuipaka kwa mpini wa kijiko, mmoja akakata tamaa akala mkate mkavu. Hatimaye nilikuwa mahali huku Ulaya ambapo nilijua cha kufanya mezani kuliko wenyeji.

Saa nne bruda mmoja hufundisha Biblia, kisha tunagawanyika katika vikundi vidogo vilivyochanganya nchi. Vikundi hupangwa kwa umri, na kwa kuwa nina miaka 27 niliwekwa na watu wa rika langu: Wapolandi wawili, Mreno, Mswidi, Wajerumani. Tulipomaliza kujitambulisha, mmoja akanigeukia kwa uso wa upole na kuniomba nieleze jinsi vijana wa Afrika wanavyomwabudu Mungu.

Miezi kumi nimekuwa nikiulizwa swali hili kwa sura mbalimbali. Nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya watoto wa kipaimara, hata kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtu, nieleze Afrika. Hawana nia mbaya, na ndiyo maana inachosha: huwezi kumgombeza mtu anayekukaribisha. Leo nikasema kwamba nchi za Afrika ni 54, kwamba mimi nimetoka moja, na kwamba kijana wa kwaya kwetu na kijana wa kundi la maombi kanisa hilohilo wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani jinsi ya kumwabudu Mungu. Mpolandi mmoja akacheka kwa sauti. Akasema kwao ni hivyohivyo. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Kila mtu hupewa kazi. Namba tano, msichana anayeongea hata akiwa amelala, amepangiwa kusimama mlangoni mwa kanisa akishika bango linaloomba watu wakae kimya. Sijui aliyepanga alijua au ni Roho. Mimi na namba tisa tumeangukia masufuria.

Masufuria ya Taizé si masufuria, ni matangi. Mtu anaingiza mwili hadi kiunoni kusugua chini. Tuliosha saa nzima tukiwa tumelowa, na muda wote namba tisa alikuwa akinisahihisha Kijerumani changu bila kuombwa.

Jumanne

Mchana shemasi alitupeleka kijijini, kwenye kanisa dogo la mawe lililokuwepo karne nyingi kabla ya umati huu. Pembeni yake kuna makaburi. Kaburi la Bruda Roger, mwanzilishi wa jumuiya hii, lina msalaba wa mbao tu na maua yaliyopandwa ardhini. Namba sita alilipita, akarudi kuuliza kaburi lenyewe liko wapi.

Hadithi yake shemasi aliisimulia akiwa amekaa ukutani, na nitaieleza kwa sababu vijana wa Kijerumani waliisikiliza kuliko nilivyotarajia. Roger Schutz alizaliwa Uswisi mwaka 1915, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vita na kugawanywa vipande viwili, alivuka mpaka akafika hapa kwa baiskeli akitafuta nyumba. Alikuwa na miaka 25. Mstari uliogawa eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo lingine haukuwa mbali, kwa hiyo wakimbizi walikuwa wanapita, Wayahudi wakiwemo, naye pamoja na dada yake Geneviève wakawaficha. Mwaka 1942 Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, wakaja kumtafuta. Kwa bahati hakuwepo, na hakuweza kurudi hadi 1944. Aliporudi, waliokuwa wamefungwa kambini jirani sasa walikuwa askari wa Kijerumani, mateka. Akaomba kibali cha kuwakaribisha Jumapili.

Hapo namba tatu akamkatiza. "Haohao?"

"Haohao," shemasi akasema.

Pasaka ya 1949 mabruda saba wa kwanza waliweka nadhiri ya kuishi pamoja maisha yao yote. Walikuwa Waprotestanti, baadaye Wakatoliki wakajiunga, na leo wanatoka nchi karibu 30. Hawapokei zawadi wala sadaka kwa matumizi yao. Wanaishi kwa kazi za mikono yao, na vyombo vyao vya udongo viko dukani, ndivyo vilivyoila pesa yangu ya wiki. Vijana walipoanza kufurika, kanisa la kijiji halikutosha. Kanisa kubwa tunalosalia, Kanisa la Upatanisho, lilizinduliwa Agosti 1962. Waliolijenga ni vijana wa Kijerumani waliojitolea, waliotumwa na shirika lililoanzishwa kufanya kazi za upatanisho katika nchi zilizoumizwa na Ujerumani wakati wa vita.

Vijana walikaa kimya, na safari hii hakuna aliyewashikia bango. Kisha namba nane akauliza Bruda Roger alikufaje, na shemasi akasema: Agosti 16, 2005, katika sala ya jioni, akiwa na miaka 90, alichomwa kisu na mwanamke mgonjwa wa akili. Sala ilikuwa inaendelea. Ndani ya kanisa lile lile.

Nilitaka kusema kitu. Kijana akipewa habari nzito hivyo, kiongozi husema kitu. Nyumbani ningekuwa na dakika kumi tayari mdomoni, na aya, na wimbo wa kumalizia. Kwa Kijerumani nina sentensi fupi. Mimi kwa Kijerumani ni mtoto wa miaka saba mwenye adabu. Nikatafuta maneno, nikayapata mawili ambayo hayakufanana na nilichotaka, nikayaacha. Tukakaa tu ukutani. Namba nane akaegemea bega langu kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama. Tukarudi.

Jumatano

Mvua tangu asubuhi. Kupe amepatikana, nyuma ya goti la namba mbili. Nikafungua faili mbele yake, nikaonyesha kisanduku, ndiyo. Nikamtoa kwa kibano, nikamvuta polepole kama nilivyofundishwa, huku kumi na wawili wengine wakitazama kama ni upasuaji wa moyo. Makofi yakapigwa. Niliandika saa na mahali kwenye karatasi, ili mama yake aangalie wekundu kwa wiki kadhaa zijazo.

Alhamisi

Usiku wa kuamkia leo saa sita na nusu nilizunguka mahema kuhesabu. Mara ya kwanza kumi na wawili. Mara ya pili kumi na wawili. Tisa hayupo.

Sijui kama kuna neno la Kiswahili la ubaridi ule unaokupanda tumboni mtoto wa mtu anapokosekana. Nilimwamsha shemasi. Yeye akashuka kuelekea Oyak, mahali wanapokusanyika vijana usiku kuimba na kunywa soda, ingawa muda wake ulikuwa umepita. Mimi nikakimbilia vyooni, mabafuni, barabarani hadi kwenye kengele, tochi mkononi, kandambili zimejaa tope. Nikawa nahesabu visima na mito yote ya Burgundy kichwani. Chini ya kilima kuna bustani ya kimya yenye bwawa, na nilikuwa nimeanza kuteremka huko nilipofikiri niangalie kwanza kanisani, ambako mlango haufungwi.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, amejikunja ndani ya mfuko wake wa kulalia, kofia kichwani. Mbele mishumaa michache, watu watatu au wanne wamepiga magoti mbalimbali.

Nikiri, kwa sekunde chache moyo wangu wa mhubiri uliruka. Mvulana asiyeamini, usiku wa manane, peke yake kanisani! Nilikuwa nimeshaanza kuutunga ushuhuda.

"Hema linavuja," akasema. "Huku ni pakavu."

Nilimgombeza kwa Kiswahili. Sikukusudia, ila Kijerumani kilikuwa kimeniishia. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maana tulikuwa kanisani, mambo yote ambayo dada humwambia mdogo wake aliyemkosesha usingizi: kwamba angeacha ujumbe, kwamba mama yake alinishika mkono kabla ya basi kuondoka, kwamba nimeteleza mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho ameinamisha kichwa. Kisha akasema samahani. Tukahamisha mfuko wake kwenye hema la shemasi.

Asubuhi nilikuwa na macho mekundu, na ndipo sista mmoja aliponifuata. Masista wa Mtakatifu Andrea wamekuwa wakiwasaidia mabruda kupokea wageni tangu 1966, na wanaonekana kujua kila mtu anatoka wapi. Akauliza kama ningesoma somo la sala ya mchana kwa Kiswahili. Masomo husomwa kwa lugha mbalimbali za waliopo. Mistari mitatu ya mwisho ya Mathayo 11.

Nilidhani ni jambo dogo. Nilisimama kwenye kipaza sauti, nikaona neno la kwanza, "Njoni", na sauti iliyotoka ilinishtua mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau. Miezi kumi nimekuwa nikisema kwa sauti nyembamba ya mtu anayeomba radhi kabla ya kila kitenzi, na kumbe ile nyingine ilikuwepo muda wote. Nilipofika kwenye "msumbukao" nilipunguza mwendo. Ni neno ambalo halihitaji kuelezwa kwa aliyewahi kusumbuka. Nilisoma kama mtu anayewaita watu nyumbani kwake.

Kwenye masufuria namba tisa alikuwa kimya kuliko kawaida. Baadaye akauliza, "Ile ndiyo sauti yako?"

"Ndiyo."

"Jana usiku pia. Uliponifokea." Akasugua kidogo. "Sisi tulidhani wewe ni mtu mpole."

Nimelifikiria hilo siku nzima. Wamenipenda hawa vijana, nalijua hilo, lakini mtu waliyempenda ni yule wa sentensi fupi, anayeuliza "hili neno ni nini?" na kungoja ajibiwe. Huyo nilimwona kama hasara ya kuja ughaibuni. Nilikuwa nikihesabu siku hadi nirudi kuwa mwenyewe. Lakini namba nane hakuegemea bega la msemaji. Angekuwa msemaji, angekuwa amesimama mbele yao akiongea, na bega lake lingekuwa mbali.

Sijui nifanye nini na wazo hili. Nimeliandika hapa nisije nikalipoteza.

Ijumaa

Jua limerudi. Tumeanika mahema, mifuko, soksi, kila kitu. Kambi inaonekana kama soko la mitumba.

Baada ya sala ya jioni ya Ijumaa msalaba mkubwa wenye picha ya Kristo hulazwa chini katikati ya kanisa. Watu wanausogelea kwa magoti, wachache wachache, wanaweka paji la uso juu ya mbao, wanakaa hapo wanavyohitaji, wanaondoka. Nyimbo zinaendelea hadi usiku mwingi. Foleni ni ndefu na inakwenda kwa magoti, kwa hiyo unapata muda wa kutosha wa kujiuliza unakwenda kusema nini.

Nilikuwa na maneno mengi. Kulikuwa na mama yangu na presha yake, na swali la nini kitafuata mwaka huu ukiisha, na vijana kumi na watatu. Nilipoweka paji la uso sikusema hata moja. Mbao ilikuwa na joto la vichwa vya watu waliotangulia.

Kwenye foleni sikumwona namba tisa. Alikuwa amekaa pembeni, chini ya picha ninayoipenda kuliko zote hapa: Kristo amemwekea mkono begani Abba Mena, mkuu wa monasteri ya kale ya Misri, wote wawili wanatazama mbele kama watu wanaosubiri basi. Ni nakala. Ya asili ilitoka monasteri ya Bawit, Misri, nayo iko Paris kwenye jumba la Louvre. Niliwahi kumwambia kwamba huyo naye ni Mwafrika na hakuna anayemwomba aeleze Afrika. Alicheka. Leo alikaa pale tu hadi tulipoondoka, na sikumuuliza kitu.

Jumamosi

Wamechoka, mimi nimechoka zaidi. Ugomvi wa chaja kati ya namba nne na namba kumi ulichukua asubuhi nzima.

Kwenye kikundi changu Mreno aliniuliza kama nilikuwepo Nairobi mwaka 2008 au Kigali mwaka 2012, mabruda walipoandaa mikutano yao ya vijana huko. Sikuwepo, hata habari zake nimezisikia hapahapa. Ilinibidi nije Ufaransa kuambiwa yaliyofanyika kwa jirani.

Jioni ni sala ya ufufuo. Kila mtu ana mshumaa mwembamba, moto unaanzia kwa watoto na kupita mkono kwa mkono hadi kanisa zima linawaka. Namba kumi na moja aliunguza nywele kidogo. Hakuna fomu ya hilo.

Jumapili

Baada ya ibada ya ekaristi tukapakia. Moja hadi kumi na tatu, wote wapo, namba tano bila sauti kabisa kwa kuimba Oyak. Ninaamini ni adhabu ya lile bango.

Mpakani, tukirudi Ujerumani, basi lilisimamishwa. Askari akapanda, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatembea moja kwa moja hadi kiti changu na kuomba vitambulisho vyangu. Vyangu tu. Watoto wakanyamaza, na kimya hiki hakikufanana na cha kanisani.

Kwa kuwa mimi ndiye mtunza vitambulisho wa safari, nilifungua mkoba nikamkabidhi kadi kumi na nne zilizofungwa kwa mpira. Akazitazama. Akasema anahitaji yangu. Nikamwambia kwa Kijerumani changu, sentensi fupi, kwamba iko humo ndani. Ikabidi azipitie moja moja, sura baada ya sura, na kutoka viti vya nyuma mtu fulani akaanza kumsaidia kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kufika nne walikuwa wote. Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa ya mwisho. Aliniangalia, akanirudishia rundo lote, akashuka. Shemasi alikuwa mwekundu kama nyanya, na hadi Freiburg aliomba radhi kwa niaba ya taifa zima. Nilimwambia alale.

Tumefika saa tatu usiku. Wazazi walikuwa wamepanga magari mbele ya kanisa. Nikawa nawakabidhi mmoja mmoja, kitambulisho mkononi, jina linakatwa kwenye orodha. Mama wa namba mbili niliongea naye kuhusu goti. Mama wa namba tisa alichelewa, kwa hiyo tulibaki wawili, tumekalia mabegi, shemasi akifunga ukumbi.

"Baada ya kumi na tatu inakuja nini?" akauliza.

"Kumi na nne."

Akalirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Taa za gari zikatokea. Akasimama, akajitwika begi, akafika nusu ya njia, akageuka na kuninyooshea kidole.

"Kumi na nne," akasema, akaingia garini.

Nimebaki na fomu kumi na tatu. Kwa utaratibu haziruhusiwi kuhifadhiwa safari ikiisha, isipokuwa ile ya kupe. Mashine ya kukatia karatasi iko ofisini kwa mchungaji, na ofisi inafunguliwa Jumanne.